Natafuta vyanzo vya mpumuo kwenye Kimvita

Wakuu habari zenu, naandika tasnifu ya masta kuhusu mpumuo (ile pumzi inayotoka pamoja na konsonanti) kwenye Kimvita, lahaja ya Mombasa, yaani ile tofauti ya paa la nyumba na p'aa mnyama, au tembo la mnazi na t'embo wa porini. Shida ni kwamba maandishi ya siku hizi hayaonyeshi hiyo alama, vyote vinaandikwa sawasawa, sasa nahitaji orodha za maneno za zamani na rekodi za wazee. Nianzie wapi jamani?

Jibu 1
Anza na Sacleux, kamusi yake ya Kiswahili-Kifaransa ilitoka Paris 1939 na anakutajia neno ni la lahaja gani. Kifaransa kisikutishe. Kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882 pia usiiache maana aliishi Mombasa na Rabai, ila tahajia yake inachosha sana.

Jibu 2
Naongezea Taylor, mmisionari Mwingereza, alifanya kazi Mombasa na mshairi Mwalimu Sikujua, sikio la Taylor lilikuwa kali mno. Makaratasi yake yapo chuo cha SOAS kule London, waandikie wanajibu.

Jibu 3
Hayo yote sawa lakini dada nenda Mji wa Kale wa Mombasa ukarekodi mwenyewe! Usiwape wazee maneno wasome, waonyeshe picha wataje, mtu akisoma anatamka Kiswahili sanifu bila kujijua. Rekodi kwa WAV, mp3 itakuharibia vipimo kwenye Praat, ile programu ya kupima sauti. Na shika kikaratasi chepesi mbele ya mdomo, kwenye p'aa utakiona kinaruka.

Muulizaji
Asanteni sana. La picha sikuliwaza kabisa, je kwa vitenzi mnafanyaje?