Nyumba nane kwa siku: nawezaje kukataa bila kumtelekeza mgonjwa?

Nesi wa Majumbani:

Habari zenu wauguzi wenzangu. Nina miaka minane kazini, mitatu ya mwisho nikihudumia wagonjwa majumbani kwao. Nilipoajiriwa tulikubaliana nyumba tano kwa siku, zikizidi sana sita. Sasa napangiwa nane. Jumanne iliyopita zilikuwa tisa.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kwenye ratiba nyumba zote ni sawa. Kupima presha na kuchoma insulini ni dakika ishirini. Lakini mgonjwa mpya ananichukua muda wa saa mbili: nipate historia yake, dawa zote zimwagwe mezani nizikague moja moja, niangalie ngozi kuanzia kisogoni hadi visiginoni, nitazame choo na ngazi asije akaanguka, kisha nikae na ndugu anayemhudumia nimfundishe. Kuna mzee ana kidonda cha kulala juu ya makalio, kina mfuko ndani. Kukisafisha, kukijaza chachi na kumgeuza mzee mwenyewe bila kumuumiza ni saa nzima. Ratiba inasema: nyumba moja. Njia haihesabiwi kabisa. Faili naziandika usiku watoto wakishalala, mara nyingi hadi saa sita.

Hiyo Jumanne, nyumba ya nane, saa moja usiku, nilivuta insulini ya bibi mmoja. Nilipotazama sindano mara ya pili nikaona nimevuta uniti 22. Yake ni 12. Zile 22 ni za mgonjwa niliyetoka kwake. Sikumchoma. Niliimwaga, nikakaa kitini mikono ikitetemeka. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, umekula leo?" Sikuwa nimekula.

Nikimwambia msimamizi kwamba nimezidiwa, ananijibu kuwa wagonjwa hawa hawana mtu mwingine. Hapo nanyamaza, kwa sababu nawajua kwa majina. Je, nikikataa nyumba ya saba nitakuwa nimemtelekeza mgonjwa? Na nianzie wapi kusema?

Mratibu Mstaafu:

Pole sana, mwanangu. Niliwahi kupanga ratiba kama hizo kwa miaka mingi, kwa hiyo nakwambia kutoka upande ule wa meza.

Kumtelekeza mgonjwa ni kumwacha ukiwa umeshampokea, bila kumkabidhi kwa mwingine. Kusema mapema kwamba huna nafasi ya kumpokea ni jambo jingine. Hata hivyo soma mkataba wako na kanuni za baraza lililokupa leseni, maneno yake ndiyo yatakayokulinda.

Wakati wa kusema ni asubuhi, kabla hujaingia nyumba ya kwanza. Ukipiga simu saa kumi jioni ukisema huwezi kumaliza, mratibu hana tena wa kumtuma, na hapo kweli mgonjwa anaumia. Tena usiseme tu "nimezidiwa". Mimi nilikuwa nasikia neno hilo kila siku na sikujua nilifanyie nini. Waliopata msaada wangu ni wale walioniambia hivi: "Leo naweza hawa sita. Huyu wa kupimwa presha anaweza kusogea kesho bila madhara. Huyu wa mpira wa mkojo ulioziba hawezi kusubiri, naomba umtafutie mtu." Hapo una nesi anayetumia utaalamu wake, na mimi nina la kufanya.

Jambo la pili, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa ya kuingia kila nyumba, saa ya kutoka, muda wa njiani na muda wa kuandika faili. Mratibu haoni kidonda, anaona kisanduku kwenye karatasi. Ukishapata hesabu, omba nyumba zipewe uzito: ya kawaida moja, mgonjwa mpya mbili, kidonda kikubwa moja na nusu. Tulifanya hivyo kwetu, ugomvi ukapungua sana.

Sindano na Kalamu:

Dada, lile la insulini umeliripoti? Najua hukumchoma. Liripoti hata hivyo, kwa maandishi, ukitaja saa, idadi ya nyumba ulizokuwa umepita na kwamba hukuwa umekula. Tukio lililozuiliwa dakika ya mwisho lisipoandikwa, kwa ofisi halikutokea, na wiki ijayo litampata mwenzako asiyetazama sindano mara mbili.

Usione aibu kutaja uchovu. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri na ukawa unaandika faili saa sita usiku, umeshapita hapo, na faili hiyo ndiyo nesi wa kesho ataifuata kutoa dawa. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Pendekezo namba 157 la mwaka 1977 linalohusu wauguzi, linasema siku ya kazi isizidi saa 12 hata ukijumlisha za ziada. Pendekezo si sheria, ila ni hoja ya kuweka mezani.

Mama Zamu:

Mimi nilisema peke yangu, nikaonekana mvivu na nikapunguziwa siku za kazi. Mkienda watatu mkiwa na daftari tatu zinazosema jambo lilelile, ni vigumu kumwita kila mmoja mvivu. Na ile namba yako ya simu ya binafsi usiwape wagonjwa. Wape ya ofisi. Nilichelewa sana kujua hilo.

Nesi wa Majumbani:

Nimerudi, asanteni sana. Ripoti ya insulini niliipeleka kesho yake, na daftari nimelijaza siku kumi za kazi. Saa 58 ndani ya nyumba za wagonjwa, 27 njiani, 33 kuandika. Jumla 118. Karibu saa 12 kila siku, na mimi nilikuwa nalipwa nane.

Tulikwenda wawili, wa tatu aliogopa na simlaumu. Msimamizi alisoma ukurasa kwa ukurasa, kimya. Alipofika kwenye ile Jumanne aliuliza kama bibi yuko salama. Tumekubaliana mgonjwa mpya ahesabiwe nyumba mbili na yule mzee wa kidonda moja na nusu, jumla isizidi sita kwa siku, na saa ya mwisho ya kazi iwe ya kuandika. Zamu za wikiendi amekataa kuzigusa, kwa hiyo nimeanza daftari jingine la Jumamosi na Jumapili.

Jana nilikataa nyumba kwa mara ya kwanza, asubuhi, kwa maneno yale ya Mratibu. Sauti ilitetemeka. Mgonjwa wa presha akasogezwa leo. Nimetoka kwake sasa hivi: 130 kwa 80, na tulipata muda wa kupitia dawa zake zote.