Mtwara inakatwa kwa hatua 20 kwa 20: urasimishaji tumelipia, hati hatuna, na maji yanalala vyumbani

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili, na nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kutofungua uzi wa kulalamika, kwa kuwa malalamiko ya namna hii huanza na hoja na kuishia kwenye vijembe. Nadhiri hiyo nimeivunja leo alfajiri, nilipokuwa nachota maji kwa ndoo katika chumba cha watoto na kuyamwaga dirishani, huku nikijua kabisa kwamba ninayamwaga juu ya maji mengine.

Ninaishi pembezoni mwa Mtwara mjini, upande wa kuelekea Naliendele. Sitataja mtaa, wala kampuni, wala ofisi, kwa sababu sitaki mjadala ugeuke kuwa wa jina la mtu. Kiwanja changu nilikinunua mwaka 2014 kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mikorosho. Mliokuwepo miaka ile mnakumbuka hali ilivyokuwa. Bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, kiwanda cha saruji cha Dangote kilikuwa kinainuliwa, nyumba za wageni zilikuwa zinachipuka kila kona, na kila aliyekuwa na bodaboda na simu mbili alijiita dalali. Mashamba yalikatwa kwa hatua, si kwa mita: hatua 20 kwa 20, na urefu wa hatua ulitegemea miguu ya dalali. Mzee aliuza vipande kumi na kitu katika msimu mmoja, akaezeka nyumba yake bati, akabaki na mikorosho minne nyuma ya choo. Simlaumu. Bei ya kipande kimoja ilikuwa kubwa kuliko mavuno yake ya miaka kadhaa ya korosho, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia kwamba kati ya kipande na kipande inapaswa kubaki njia ya gari la zimamoto, sembuse mtaro.

Hapo ndipo penye hasira yangu, na naomba nieleweke vizuri. Silalamiki kwamba mji umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, na ile ya mwaka 2022 ikatukuta 146,772. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 38,000 kwa miaka kumi, na mimi na familia yangu tuliotoka Newala tumo ndani ya ongezeko hilo. Watu lazima wahamie mahali. Ninacholalamikia ni kwamba nyumba zimetangulia, barabara imefuata kwa kuchorwa kwenye karatasi, na mtaro haujafika hadi leo, ilhali kila hatua ya safari hiyo kuna aliyepokea fedha na kutoa risiti.

Jambo hili linauma zaidi hapa Mtwara kuliko kwingine, kwa sababu mji wetu ulizaliwa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipobuni mradi wao wa karanga, walijenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, wakapanga mji wenye barabara pana kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo. Mradi ukafa mwaka 1951, na baada ya Uhuru reli ikang'olewa, ndiyo maana leo tunayo kata inayoitwa Reli ambayo haina reli. Anayetembea Shangani au Ligula anaiona nafasi ile bado: barabara pana, viwanja vikubwa, miembe imepata pa kunyoosha matawi. Vuka uje huku kwetu uone jinsi bajaji mbili zinavyoshindwa kupishana. Mkoloni aliacha mji usio na watu, nasi tukaongeza watu bila kuuongeza mji.

Sasa nije kwenye fedha. Mwaka 2019 tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa tukaelezwa kuhusu urasimishaji wa makazi, yaani kupima viwanja vya watu waliokwisha kujenga bila mpango ili wapate hati. Tulifurahi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Kampuni moja ya upimaji ililetwa, tukachanga shilingi 150,000 kila kiwanja, na waliokuwa hawana waliuza mbuzi au walikopa kwenye vikoba. Vijana wenye vifaa vya kupimia wakapita, bikoni (nguzo fupi za saruji za kuonyesha mipaka) zikasimikwa, mchoro ukabandikwa ofisini kwa siku kadhaa. Baada ya hapo, kimya. Kila anayeuliza anaambiwa kwamba faili liko hatua ya mwisho, na tangu hapo hatua hiyo ya mwisho haijawahi kuisha. Programu ya kitaifa ya urasimishaji ilipangwa kukamilika mwaka 2023. Sisi tumebaki na risiti. Jirani yangu, mama mjane, alikwenda benki akiwa na risiti hiyo akidhani inaweza kuwa dhamana ya mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Walimrudisha kwa upole, nasikia hata soda walimpa.

Kuhusu hati ningeweza kuendelea kusubiri. Maji hayasubiri. Eneo letu lilipokuwa shamba, mvua ya Desemba hadi Aprili ilinyesha juu ya mchanga, mikorosho na majani makavu, na sehemu kubwa ya maji ilizama ardhini. Yaliyobaki yalishuka polepole kwenye mkondo ambao wenyeji waliuheshimu. Hakuna mzee aliyejenga pale. Leo maji yale yale yanaangukia bati na sakafu za saruji, yanashuka kwa pamoja ndani ya dakika chache, na mkondo wenyewe umejaa nyumba. Tena nyumba hizo zina namba za viwanja! Nimeuona mchoro kwa macho yangu: mkondo wa maji umegawanywa viwanja vitano, na barabara ya mita nane iliyochorwa kando yake inapita juu ya jiko la mtu na kaburi la mtoto wake.

Kisha mafuriko yanapotokea, anakuja mtu mwenye shati jeupe kutuambia kwamba tulijenga bondeni kwa ukaidi wetu. Bwana mkubwa, bonde hilo mlilipima. Bikoni mlizisimika wenyewe, na fedha ya kuzisimika mlipokea kwetu. Kama ni bonde, kwa nini halikuachwa wazi kwenye mchoro? Na kama ni kiwanja halali, mtaro wake uko wapi?

Kuna jambo ambalo watu wanaona haya kulisema, nami nitalisema. Huku hakuna bomba la majitaka. Kila nyumba ina choo cha shimo, na kwa kuwa maji ya bomba hayatoki kila siku, nyumba nyingi zina kisima kifupi pia. Kwenye kiwanja cha hatua 20 kwa 20, ukishaweka nyumba, jiko la nje na banda la kuku, choo chako hakina pa kwenda isipokuwa karibu na kisima cha jirani. Mashimo yanapojaa, gari la kunyonya haliwezi kuingia, kwa sababu njia haipo. Mvua ikizidi, kilichomo shimoni kinapanda juu na kutembea mtaani pamoja na viatu vya watoto. Baada ya hapo tunatangaziwa tuchemshe maji ya kunywa. Tunachemsha kwa mkaa, katika mkoa unaotoa gesi inayowasha taa za Dar es Salaam, lakini hiyo ni hasira ya uzi mwingine.

Najua atatokea mchangiaji wa kuniambia kwamba haya yapo miji yote ya nchi zinazoendelea. Ni kweli. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 55 ya watu duniani wanaishi mijini, na kwamba hadi mwaka 2050 watafika asilimia 68, huku karibu asilimia 90 ya ongezeko hilo ikitokea Asia na Afrika. Hoja hiyo kwangu inaongeza kosa, haipunguzi. Dar es Salaam ilitutangulia kwa miongo kadhaa, na Desemba 2011 tuliona watu wa bonde la Msimbazi wakikaa juu ya mapaa kabla ya kuhamishiwa Mabwepande. Sisi wa kusini tulikuwa na nafasi ya kuutazama mji mkubwa na kutorudia makosa yake. Mji wa watu 146,772 bado unashikika. Ukifika laki tano, kila mita ya mtaro itahitaji fidia ya nyumba, na wote tunajua fidia inavyolipwa.

Ninachotaka ni vitu vichache. Mchoro ule urudishwe mtaani tuujadili mbele ya aliyeuchora. Tuambiwe fedha tulizochanga ziko wapi. Na mashamba yaliyobaki huko mbele, ambayo madalali wameshaanza kuyapigia hatua, yapimwe kabla hayajauzwa, mikondo ya maji ikiwekewa alama ambayo hata dalali ataiogopa. Wa Lindi na Masasi mliolipia urasimishaji, naomba mseme hapa kama mmepata hati, na mlisubiri muda gani.

Risiti yangu ninayo. Bikoni ya kona ya chini ya kiwanja changu imeng'olewa na maji ya jana. Mwanangu aliikuta mbele ya duka, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimeiosha nikaiweka barazani.