Punda wetu mkongwe ameacha kutafuna: tuendelee kumuuguza au tumpumzishe?

Langoni

Assalaam alaykum. Naomba ushauri juu ya punda jike tunayemfuga hapa Lamu, mtaa wa Langoni, ambaye kwa makadirio ya baba amekwisha kupita miaka 25. Zuhura alikuwa punda wa kubeba mchanga na mawe ya matumbawe kutoka gatini hadi kwenye majengo ya ndani ya mji, ambako gari haliwezi kupenya, na tangu goti lake moja lianze kukakamaa baba alimvua shogi akamwacha atembee huru na mwenzake, dume mdogo tunayemwita Kito.

Tangu kaskazi ianze amekonda hadi uti wa mgongo umetokeza. Hula polepole mno, na chini ya karai lake naokota vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kulowa mate, na mdomo wake unanuka. Kuinuka kwake kumekuwa kazi: hutanguliza miguu ya mbele, akatulia hivyo kwa muda kama anayefikiri, ndipo akaivuta ya nyuma. Mguu wa mbele wa kushoto anauchechemea, hasa kwenye mawe. Hata hivyo, bado hulia akisikia mlango unafunguliwa, na bado humfuata Kito hadi ufukoni.

Nyumbani tumegawanyika. Baba anasema punda aliyetulisha hafi kwa mikono yetu. Kaka yangu amempata dalali huko Mokowe anayenunua punda wakongwe bila kuuliza maswali. Mimi nachelea kwamba tunamwongezea mateso huku tukiyaita huruma. Nitajuaje kwamba wakati umefika? Ikibidi, jambo lenyewe hufanywaje katika mji wa vichochoro kama wetu? Na Kito atakuwaje?

SaisiWaNgong

Wa alaykum salaam, Bwana Langoni. Mimi nimetunza farasi kwenye mazizi ya upande wa Ngong kwa muda mrefu, na nimesimama kando ya wengi katika saa zao za mwisho, kwa hiyo silichukulii swali lako kwa wepesi. Lakini kabla ya kuzungumza habari ya kumpumzisha, mfungueni mdomo.

Magego ya punda, kama ya farasi, huendelea kuchomoza kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, yakifidia kile kinachosagika kwa kutafuna. Akiba hiyo ina mwisho, na punda anayekaribia miaka 30 mara nyingi amebakiwa na magego mafupi, yaliyolegea, au hana kabisa. Pia humea ncha kali, upande wa shavu kwa magego ya juu na upande wa ulimi kwa yale ya chini, zikawa zinamkata kila anapotafuna. Vibonge unavyookota ni chakula alichokitema kwa sababu hakuweza kukisaga, na hiyo harufu kwa kawaida ni majani yaliyonasa kwenye mianya ya meno na kuoza, mahali ambapo ufizi huuma sana. Mnyama wa namna hii huonekana kama anayekufa kwa uzee ilhali anakufa kwa njaa mbele ya karai lililojaa.

Usimvute ulimi wala kuingiza mkono mwenyewe, kwa maana magego hayo yanaweza kukukata vidole. Hapo Lamu mna bahati ambayo wafugaji wengi wa bara hawana: kituo cha Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, kilichoanza mwaka 1987. Watu wa pale wameona midomo mingi ya punda kuliko daktari yeyote wa farasi niliyefanya naye kazi. Waambie wamtazame meno na goti kwa siku hiyo hiyo, na waulize pia kuhusu kwato. Punda aliyeacha kazi hatembei vya kutosha kuzisaga kwato zake, nazo zikirefuka mbele huuvuta mguu mzima vibaya, kiasi kwamba huwezi kujua kama anachechemea kwa goti au kwa ukwato mpaka fundi azikate.

Msafiri77

Mwachieni Mungu. Mnyama ana ajali yake, na wazee wetu hawakumwita daktari kuja kumuua punda.

TabibuWaMifugo

Bwana Msafiri, naheshimu kauli yako, ila nimeyaona matokeo yake. Punda aliyeachwa hivyo hafi usingizini. Siku moja hushindwa kuinuka, akalala juani upande mmoja hadi ngozi ya nyonga ichubuke, na inzi humfikia kabla ya mauti.

Langoni, nyongeza yangu ni juu ya mambo ambayo mtu aliyezoea farasi anaweza kuyakosa kwa punda. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza, hutoka jasho, hupiga tumbo kwa mguu, hata jirani akajua. Punda mwenye maumivu yale yale huinamisha kichwa na kunyamaza. Kwa hiyo punda "aliyetulia tu" na asiyegusa chakula ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Tena ana hatari moja ambayo kwake ni kubwa kuliko kwa farasi walio wengi: akikosa kula, hata kwa siku moja au mbili, mwili huanza kuyamwaga mafuta yake kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na hali hiyo huua kwa haraka, hasa majike. Zuhura akikataa chakula kutwa nzima, usingoje kesho.

Jifunze kumpima angali mtulivu, ili siku ya mashaka uwe na cha kulinganisha. Punda mzima wa afya ana joto la wastani wa nyuzi 37.1, mapigo ya moyo 44 kwa dakika na pumzi 20. Mapigo utayapata kwa vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapoupinda mfupa. Ukibonyeza sana utaupoteza. Mapigo yanayokaa juu ya 60 akiwa amesimama kivulini ni ishara ya maumivu hata kama uso wake haukuambii lolote.

Kuhusu dawa za maumivu, msikubali vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya farasi. Mwili wa punda huziondoa dawa kadhaa za aina hiyo upesi zaidi, hata kipimo kinachomtosha farasi kwa siku nzima kikamwacha punda na maumivu kabla jua halijatua. Daktari anayewajua punda atapanga dozi na saa zake.

Naivasha_Mkokoteni

Ndugu yangu, mimi nitasema juu ya dalali peke yake. Huku kwetu tuliyaona. Machinjio ya punda yalipofunguliwa, ngozi zilikuwa zikisafirishwa kwenda China kutengenezewa ejiao, dawa ya kienyeji ya Kichina inayotokana na ngozi ya punda iliyochemshwa, na punda wa watu wakawa wanaibwa usiku na kukutwa asubuhi wamechunwa porini. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo mwaka 2021, kisha Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Dalali asiyeuliza maswali hataki punda wa kufanya kazi. Punda mwenye goti bovu akipakiwa kwenye lori na wenzake husafiri bila maji, na akianguka njiani hukanyagwa. Mwambie kaka yako kwamba bei anayopewa ni ya ngozi, na mwenye ngozi atatangulia kuyalipa yote hayo.

MwanaPate

Nasema na mzee kupitia kwako, kwa adabu zote. Mzee, uchungu wako ni wa haki, kwa kuwa kumuua mnyama pasipo haja ni jambo zito. Lakini mafundisho yetu hayakuishia hapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona ngamia aliyekonda hadi mgongo umeshikana na tumbo aliwaamuru watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Na alifundisha kwamba ihsani imeandikwa katika kila kitu, hata katika namna ya kuua. Wapo wanazuoni walioruhusu kumwondolea mateso mnyama asiyeliwa ambaye hakuna tena tumaini la kupona kwake, na wapo wanaosita. Nenda kwa kadhi au kwa sheikh unayemwamini, ila nenda na maneno ya daktari mkononi, kwa sababu jawabu litategemea kama tumaini lipo au halipo, na hilo sheikh hawezi kuliona kwa macho.

MamaShela

Mwanangu Langoni, mimi nimelipitia, kwa hiyo nitakujibu lile swali la namna, ambalo naona wengine wamelikwepa.

Daktari humchoma kwanza dawa ya kumlegeza, kisha dawa ya usingizi kwa wingi kwenye mshipa wa shingo. Huanguka mara moja, na baada ya hapo unaweza kuona misuli ikitetemeka au pumzi moja ya mwisho. Usishtuke, huwa amekwisha kupotewa na fahamu. Ugumu wenyewe ni mwili. Punda ana uzito wa kilo 150 na zaidi, na kichochoro cha Langoni hakipishi mkokoteni wenye mzigo wa namna hiyo bila kukwaruza kuta za watu. Ndiyo maana nasema, ikiwa uamuzi utafikiwa, ufikiwe angali anaweza kutembea kwa miguu yake mwenyewe hadi shambani, nje ya mji, na shimo liwe limechimbwa tangu jana yake.

Nyama ya mnyama aliyeuawa kwa dawa hiyo ni sumu. Mbwa, paka na ndege watakaoila watakufa, kwa hiyo shimo liwe refu na lifukiwe vizuri siku hiyo hiyo. Lisiwe ufukoni, maji ya bamvua yatamfukua. Wala lisiwe kwenye vilima vya mchanga vya huku kwetu Shela, kwa maana chini yake ndiko yanakotoka maji ya kunywa ya mji. Mtafute mwenye shamba lililo mbali na visima, umwombe mapema.

Kuhusu Kito, usimfungie mbali. Punda hushikamana wawili wawili, na anayetenganishwa na mwenzake ghafla hulia, huzunguka akimtafuta, na anaweza kuacha kula, jambo ambalo TabibuWaMifugo amekwisha kukueleza hatari yake. Mwache asimame karibu na mwili, aunuse, aondoke mwenyewe akimaliza. Wa kwangu alichukua karibu saa nzima, akarudi mara kadhaa, kisha akaenda kula. Uwe umemtafutia mwenzake mwingine ikiwezekana, hata wa kuazima kwa jirani.

Jambo la mwisho: kaeni na baba, muandike sasa, kabla ya siku mbaya, ni ishara zipi zitakazowafanya mmwite daktari kwa kazi hiyo. Nyumba isiyokubaliana mapema hubishana mnyama akiwa chini.

Langoni

Nawashukuru nyote. Amekwisha tazamwa. Gego moja la juu lilikuwa limelegea kiasi cha kutoka kwa mkono, na pembeni yake palikuwa na donge la majani yaliyooza. Limeng'olewa, ncha kali zimepigwa tupa, na kwato zimekatwa. Goti ni baridi yabisi, halitapona, lakini amepewa dawa kwa kipimo cha punda. Siku ya pili yake alikula pumba zilizolowekwa bila kutema.

Baba alisimama pale muda wote, na lile gego alilichukua akalitia mfukoni. Jioni yake alikubali tuandike. Tumeandika matatu: akishindwa kuinuka bila kusaidiwa asubuhi mbili mfululizo, akikataa chakula laini kutwa nzima na daktari asipate cha kutibu, au akiacha kumfuata Kito. Lolote kati ya hayo likitokea, tutamwita daktari na hatutabishana. Kaka amekwisha kumwambia dalali kwamba punda hauzwi.

SaisiWaNgong, nimebakiwa na swali la chakula. Nampa pumba za mahindi zilizolowekwa asubuhi na jioni, na majani namkatia kwa panga. Inatosha?

SaisiWaNgong

Nimefurahi kulisikia hilo la gego. Asubuhi na jioni ni mara chache mno kwake. Kiasi hicho hicho kigawe mara nne au tano, kwa kuwa tumbo la punda limeumbwa kupokea kidogo kidogo kutwa, na pumba nyingi kwa mpigo huweza kumletea msokoto au maradhi ya kwato. Loweka mpaka ziwe uji mzito usio na bonge kavu ndani. Jaribu kwa kuufinya mkononi. Pumba peke yake hazitoshi kumjenga, kwa hiyo changanya na lusani (majani ya malisho yenye lishe nyingi) iliyokatwa fupi na kulowekwa ukiipata, lakini anza na konzi moja na uongeze taratibu. Majani ya panga yawe mabichi na mafupi kama urefu wa kidole. Makavu na marefu atayameza bila kuyasaga, nayo yatamziba. Chakula kisigusane na ardhi, kwa sababu mchanga wa Lamu ukijikusanya tumboni ni balaa nyingine, hivyo weka karai juu ya jamvi au sakafu unayoweza kuifagia. Maji yawe safi na yabadilishwe mara kwa mara, maana punda huyakataa machafu hata akiwa na kiu. Kito ale upande mwingine wa uzio wanaoweza kuonana, la sivyo atamalizia fungu la Zuhura wakati bibi angali anatafuna. Na baada ya miezi sita arudishwe kukaguliwa meno. Ukiona vibonge kabla ya hapo, mrudishe siku hiyo hiyo.