Kaboni ilifuata joto enzi za barafu. Mbona leo tunailaumu?

Mdadisi
Wakuu, hoja hii inanikwamisha kila mjadala. Barafu iliyochimbwa Antaktika inaonyesha joto lilianza kupanda, ndipo kaboni dioksaidi ikafuata karne kadhaa baadaye. Kwa nini joto la sasa lisiwe mzunguko uleule wa asili?

Kipimajoto
Data yako ni sahihi, mkuu. Hitimisho ndilo linaloteleza. Mizunguko ile huanzishwa na mwendo wa dunia: njia yake kuzunguka jua hubadilika umbo kwa takribani miaka 100,000, mwinamo wa mhimili huenda kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa miaka 41,000, na mhimili huyumba kama pia ya watoto inayozunguka, kwa miaka 26,000 hivi. Bahari ikishapata joto hutema gesi, kama soda iliyoachwa juani, na gesi hiyo huongeza joto juu ya lile la mwanzo. Kaboni ilikuja ya pili, lakini haikukaa bure.

Leo mwinamo ni nyuzi 23.4 na unapungua. Kwa mzunguko huo tungetarajia kupoa polepole, si kupata joto.

Halafu kasi. Kutoka enzi ya barafu dunia ilipanda nyuzijoto 5 hivi kwa miaka kama 10,000, yaani 0.05 kwa karne. Sasa imepanda zaidi ya 1 kwa karne moja na nusu.

Mbishi
Sawa, na jua lenyewe? Lina mzunguko wake wa miaka 11.

Kipimajoto
Piga hesabu. Jua hutupa wati 1,361 kwa mita ya mraba, na kati ya kilele na bonde la mzunguko tofauti ni wati 1 hivi. Gawanya kwa 4 (dunia ni tufe, si sahani), toa asilimia 30 inayoakisiwa: inabaki chini ya 0.2, nayo hupanda na kushuka. Kaboni hewani imetoka sehemu 280 hadi 420 kwa milioni; kwa kanuni ya kukadiria joto inalolizuia, 5.35 × logi asilia ya 420/280 = wati 2.2 kwa mita ya mraba, wala hairudi chini.

Tena jua lingepasha angahewa yote. Kinachopimwa ni hewa ya chini kupata joto huku stratosfia (tabaka la hewa lililo juu yake) ikipoa. Ozoni iliyopungua inachangia huko, ila haitoshi kueleza kupoa kwa sehemu za juu kabisa.

Mchanga wa Bahari
Naongeza alama ya kaboni yenyewe. Makaa na mafuta ni ya kale mno, kaboni-14 yake (aina ya kaboni yenye mionzi, inayoisha kadiri muda unavyopita) imeshakwisha, na kaboni-13 (aina nzito kidogo ya kaboni) ni haba kwa sababu yametokana na viumbe. Uwiano wa zote mbili hewani umeshushwa na moshi huo. Volkano haziachi alama hiyo: kaboni-13 yake si haba kiasi hicho.

Na Mbishi, ukichora grafu ya joto la dunia usiianzie 1998. Ule ulikuwa mwaka wa El Niño kali (maji ya Pasifiki hupata joto na kupandisha joto la dunia kwa muda), ukianzia kileleni kila kitu kitaonekana kimesimama. Chukua wastani wa miaka 30.