Mwandiko unaosomeka kwenye kaunta buku la kikundi: nianzie wapi?

katibu_mbinga

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Mbinga, wanachama wengi ni akina mama wa kahawa. Tunakutana Jumamosi alasiri na kila kitu naandika kwa mkono: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini, kisha muhtasari wa kikao. Watu wamepanga foleni mbele ya meza, mweka hazina anataja kiasi kwa sauti, na mimi naandika huku kila mmoja anataka kuwahi nyumbani. Juu ya ukurasa mwandiko unavutia. Kadiri ninavyoshuka herufi zinaanza kulala na kubanana, na mistari ya mwisho mwenyekiti anaisoma kitabu akiwa amekisogeza dirishani.

Sitafuti mwandiko wa kadi ya harusi. Hizi ni fedha za watu waliouza ndizi na kuku ili wanunue hisa, na siku 17,000 ikisomwa 11,000 mbele ya kikao, imani ya kikundi inaondoka. Nataka mtoto wa darasa la nne afungue kitabu asome bila kuniuliza. Je, mkono wa mtu mzima bado unafundishika? Peni gani inafaa? Niunganishe herufi au niziache moja moja?

---

mwalimu_mstaafu

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka nastaafu, na katika KKK zote tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, Kuandika ndiyo niliyoipenda zaidi. Mkono wa mtu mzima unafundishika, tena haraka kuliko wa mtoto, kwa sababu herufi tayari unazijua.

Umesema jambo moja la maana sana: ukurasa unaharibika unaposhuka. Hapo nashuku kiwiko kabla ya vidole. Kaunta buku ni kubwa na nene. Ukifika mistari ya chini mkono unakosa pa kuegemea, kiwiko kinaning'inia nje ya meza, na kazi yote inaangukia vidole. Usishushe mkono kufuata mstari. Kisukume kitabu juu kwa mkono wa kushoto, mkono wa kuandikia ubaki palepale. Kiinamishe kidogo pia, pembe ya juu ya kulia iwe juu kuliko ya kushoto. Ukikaa hivyo mkono unateleza toka kushoto kwenda kulia bila kupinda kifundo.

Sasa geuza ukurasa mmoja ulioandika kwa haraka, upitishe kidole kwa nyuma. Ukihisi matuta, unakandamiza. Peni ya kawaida ina wino mzito wa mafuta, na kigololi cha nchani kinahitaji kusukumwa kidogo tu ili kizunguke. Mtu mwenye haraka husukuma kupita kiasi, vidole vinakakamaa, halafu herufi zinabanana zenyewe. Ishike upana wa vidole viwili juu ya ncha. Kidole gumba na cha shahada vishike, cha kati kibebe. Peni za jeli ni laini kweli, ila nyingi hupakaza ukizigusa kabla hazijakauka, na kwenye meza yako kuna mikono mingi. Kwa kitabu cha fedha baki na peni ya kawaida, nyeusi au ya bluu.

Tarakimu ndizo zenye fedha, zitangulize. 1 iwe mstari mmoja wima, usiiwekee pembe juu. 7 ikate kwa kistari katikati, na hofu yako ya 17,000 inaishia hapo. 0 ifunge kabisa, maana ikiachwa na mkia juu ni 6. 4 iache wazi juu, 9 ifunge kichwa na mguu wake unyooke. 5 andika tumbo kwanza, paa mwisho, na paa liguse shingo. Piga mistari wima ya penseli kabla ya kikao ili mamoja yakae chini ya mamoja. Kisha malizia kila kiasi kwa /=, kwa mfano 17,000/=, asibaki mtu na nafasi ya kuongeza sifuri. Mkopo uandike pia kwa maneno.

Kwenye maneno, Kiswahili chetu kina mtego wake. Herufi moja mwanzoni mwa neno ndiyo inayosema ni nani anayetenda. Ukiacha *a* wazi juu inakuwa *u*, na "atarejesha" inageuka "utarejesha". Ukisahau nukta ya *i* na kubana nafasi, *ni* inakuwa na miguu mitatu, sawasawa na *m*: mjumbe amesema "nitarejesha Jumamosi", muhtasari unasomeka "mtarejesha Jumamosi", na deni la mtu mmoja limekuwa la kikundi kizima. Darasani nilikuwa nawapa watoto mstari mzima wa *ni ni ni m m m*, na nilikuwa sipiti meza ya pili kabla ya kwanza haijaumba vizuri. Wewe fanya hivyohivyo. *a, d, g, q* zote anzia kulia juu, zungusha kwenda kushoto, rudi ufunge tumbo ndipo ushuke. *n, m, h* shuka kwanza, panda juu ya mstari uleule, kisha pinda upinde wa duara. Upinde ukichongoka, *n* inasomeka *u* au *v*.

Robo saa kila siku inatosha. Usiandike alfabeti tupu, andika majina ya wanachama wako na maneno ya kikao: hisa, marejesho, faini, amelipa, hajalipa. Wiki ya kwanza polepole kabisa. Weka tarehe kwenye kila karatasi, utaona mwenyewe.

---

khati_lamu

Asalaam aleikum. Mwalimu amesema kweli. Mimi naongeza kutoka upande wa khati, yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, niliyosomeshwa chuoni hapa Lamu, ambako wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua za biashara.

Dada yangu, watu hudhani mwandiko wa haraka ni ule mwandiko mzuri ulioharakishwa. Sivyo. Katika khati kuna naskhi, ndiyo ya misahafu na vitabu. Kisha kuna rukaa, uliokuwa mwandiko wa kila siku katika dola ya Uthmania, na umeundwa makusudi kwa mkono unaokimbia: nukta mbili huwa kistari kimoja, tatu huwa kama kofia ndogo, meno ya herufi sini hulazwa yakawa mstari. Kila umbo limeshafupishwa kabla hujashika kalamu, basi ukikimbia haliharibiki.

Nawe chagua umbo moja tu kwa kila herufi, lile linalovumilia haraka, ulishike siku zote. Ukiwa na *r* mbili na *s* tatu, msomaji wako anaanza upya kila neno.

La pili ni kipimo. Tangu Ibn Muqla, bingwa wa khati wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, herufi hupimwa kwa nukta za kalamu ileile inayoandika. Kwa herufi zenu weka kipimo chako: fupi kama *a, e, m* zijaze theluthi moja ya nafasi kati ya mistari, ndefu kama *l, k, h* zifike mara mbili yake, mikia ishuke kiasi hichohicho. Baina ya neno na neno acha upana wa *o*. Kisha chukua rula na penseli, upige mstari kufuata mgongo wa kila *l* na *k* ya ukurasa. Ikiwa mistari hiyo inakatana ovyo, tatizo lako ni mlalo, na ukiurekebisha huo tu ukurasa wote utatulia.

---

kushoto_nakuru

Kama kuna anayeandika kwa kushoto anasoma hapa: kitabu kiinamishwe upande wa pili, pembe ya juu ya kushoto ndiyo iwe juu. Shika peni juu zaidi ili uone unachoandika, na mkono ukae chini ya mstari, usiupinde juu yake. Mimi nililazimishwa kulia nikiwa mdogo. Walimu mlio humu, tafadhali msiwafanyie watoto hivyo.

---

katibu_mbinga

Nimepitisha kidole nyuma ya ukurasa, matuta matupu! Na kiwiko ni kweli, meza yetu ni fupi. Ahsanteni sana. Mwalimu, hujanijibu la kuunganisha. Na mwenyekiti anapendekeza ninakili upya kurasa zote za zamani kwa mwandiko safi. Nifanye?

---

mwalimu_mstaafu

Majina na tarakimu usiunganishe. Kwenye muhtasari unganisha pale mkono unapokwenda wenyewe, mfano *a* kwenda *n*, au *i* kwenda *m*. Baada ya *g, j* na *y* inua peni, maana mkia ukirudishwa juu unazaa kitanzi kinachovuruga mstari wa chini.

Kunakili upya, hapana, na mwambie mwenyekiti nimekataa kwa heshima zote. Kwenye kurasa zile kuna sahihi na dole gumba za wanachama, na nakala haiwezi kuzibeba. Palipo na tarakimu ya kutiliwa shaka, paache kama palivyo. Kikao kijacho isomeni mbele ya wote, andika kiasi kwa maneno pembeni, mwenye fedha atie sahihi yake hapo pamoja na mweka hazina. Kuanzia sasa ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili cha chini kiendelee kusomeka, andika kilicho sahihi juu yake na uweke herufi za mwanzo za jina lako. Wino mweupe usiuguse kabisa kwenye kitabu cha fedha.

Na tafuteni ubao wa kurefusha hiyo meza.