Mwandishi wa Burkina Faso aliyeungulia kwenye gari, kesi yake ilifikaje hapa Arusha?

Dereva wa Burka
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva teksi hapa Arusha, juzi nimempakia mgeni wa Burkina Faso namkimbiza uwanja wa ndege Kisongo, tulipofika pale TANAPA akaniambia kaka punguza mwendo, akawa analikodolea macho lile jengo la Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mpaka nikajua huyu ana kesi. Kumbe anasema hapo ndo serikali yao ilishindwa kesi kwa habari ya mwandishi anaitwa Norbert Zongo, alikutwa kaungua ndani ya gari na wenzake watatu, serikali ikasema ajali. Kiingereza chake cha kuungaunga na changu ndo kabisa, tumefika uwanjani stori iko nusu. Sasa nauliza wajuzi, ilikuwa ajali kweli au jamaa aliuliwa? Na kama aliuliwa nani alifungwa?

Babu Nukta
Mkuu aliuliwa, hilo hata tume ya serikali yenyewe ilikubali. Ilikuwa tarehe 13 Desemba 1998, barabara ya kwenda Sapouy kusini mwa Ouagadougou. Zongo alikuwa na gazeti lake L'Indépendant, anaandika bila kumung'unya maneno ufisadi na ubabe wa watu wa rais Blaise Compaoré. Kilichomponza zaidi ni habari ya dereva mmoja, David Ouédraogo, alikuwa dereva wa François Compaoré mdogo wake rais. Huyo dereva alisingiziwa kaiba hela nyumbani kwa bosi, wakamchukua askari wa kikosi cha ulinzi wa rais wakamtesa, akafia mikononi mwao Januari 98. Zongo akaling'ang'ania toleo kwa toleo, dereva kafa vipi, nani aliwatuma askari, mbona bosi haitwi kuhojiwa. Mwaka haujaisha naye akakutwa kwenye Land Cruiser iliyoungua.

Simba wa Moro
Sawa lakini gari kuungua mbona kawaida tu, humu kila kitu watu wanaona njama. Land Cruiser ikibinuka ina mafuta si inawaka tu jamani.

Babu Nukta
Simba, hiyo gari ilikuwa na alama za risasi. Ulishaona ajali inapiga risasi? Tume ilitoa ripoti Mei 1999 ikasema kauliwa kwa sababu ya kazi yake, ikataja watu sita ikawaita "washukiwa wazito", wote wa kikosi kilekile cha ulinzi wa rais. Kati ya sita alishtakiwa mmoja tu, 2006 jaji akafuta kesi, shahidi mkuu alikuwa kageuka. Kwa hiyo mtoa mada jibu lako la nani alifungwa kwa kumuua Zongo ni hakuna. Walifungwa askari watatu mwaka 2000 ila kwa kifo cha yule dereva.

Mama Zai
Mimi niliwahi kuwa mwandishi wa mkoani huko, mkoa siutaji, nalipwa kwa stori. Niliandika habari ya kisima ambacho kwenye makaratasi kimekamilika na kimelipiwa chote, ukifika kijijini unakuta shimo mbuzi wanalala humo. Siku ya pili saa nne usiku simu inaita namba ngeni, mtu ana sauti ya upole kabisa, ananiambia dada yangu geti lako la kijani limepata kutu, lipake rangi basi. Akakata. Hakutukana wala hakunitisha. Nililala sebuleni wiki nzima na watoto, kisima sikukigusa tena mpaka leo. Ndo maana nikisikia mtu anasema ajali tu, namwangalia.

Wakili Msomi wa Mtaani
Kwenye ya mahakama. Familia za marehemu wote wanne pamoja na shirika la haki za binadamu la kwao ndo walileta kesi mwaka 2011. Hapa watu huwa wanachanganya, Mahakama ya Arusha haikusema nani kaua, kifo kilitokea kabla mahakama haijawa na mamlaka. Ilichoangalia ni kwamba miaka yote ile serikali ilifanya nini kutafuta wauaji, ikakuta haikujituma. Hukumu Machi 2014, tena ikasema uzembe ule umewatia woga waandishi wengine. Juni 2015 ikaamuru fidia, faranga milioni 25 kila mjane, milioni 15 kila mtoto, milioni 10 kila mzazi, na lile shirika faranga MOJA ya heshima waliyoiomba wenyewe. Pia uchunguzi ufunguliwe upya. Blaise mwenyewe alikuwa keshatimuliwa na wananchi Oktoba 2014, bunge limechomwa, yeye kakimbilia Ivory Coast.

Na kama mnawaza kupeleka ya kwenu, Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye lile tamko linaloruhusu raia na mashirika kwenda pale moja kwa moja. Jengo liko Arusha, mlango kwetu umefungwa.

Simba wa Moro
Duh, hiyo ya risasi sikuijua, nimenyoosha mikono. Na yule François, mdogo wake rais?

Wakili Msomi wa Mtaani
Alikamatwa Paris uwanja wa ndege Oktoba 2017, mahakama za Ufaransa zikakubali arudishwe kwao kwa kesi ya Zongo, yeye anakana kila kitu. Akakimbilia Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Septemba 2023 wakamzuilia safari, wakasema ahadi za kutomtesa akirudishwa zilitolewa na serikali iliyokwisha pinduliwa 2022. Hajarudishwa.

Dereva wa Burka
Aisee. Sasa naelewa kwa nini yule mgeni alishuka hajaongea, akaninyooshea tu kidole kule tulikotoka. Chenji yake elfu tano aliniachia. Mama Zai pole sana dada, hilo geti ulipaka?

Mama Zai
Nilihama.