Mnaouza "dawa ya sukari na kolesteroli" kwenye chupa za maji, andikeni mmetia nini ndani!

Wakuu, tangu Ijumaa nimejaa hasira na nimeshindwa kunyamaza.

Mzee wangu anaishi na sukari mwaka wa tisa sasa. Anameza metformini na glibenklamidi, na jioni kidonge cha kolesteroli. Juzi kati hapa, akitoka msikitini hapa Arua, Uganda, akamkuta kijana na spika yake juu ya meza, akanunua chupa ya nusu lita kwa shilingi 40,000. Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, karatasi ya zamani imebanduliwa na gundi bado inanata vidoleni. Karatasi mpya ina picha ya moyo na maneno: sukari, presha, kolesteroli, vidonda vya tumbo, ugumba. Jina la mti hakuna. Kipimo ni "kikombe kimoja". Kikombe kipi, cha kahawa au cha uji?

Akamwambia: "Mzee, hicho cha kolesteroli achana nacho, hivyo vya sukari changanya tu, miti haina madhara."

Ijumaa alfajiri mama akaniita. Nikamkuta baba kwenye mkeka wa kuswalia, kanzu imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Tukamtoboa kidole kupima sukari: 2.1 mmol/L. Ikishuka chini ya 3.9 tu ni ya kushughulikiwa papo hapo! Tukamnywesha maji ya sukari mpaka akatutambua, ndipo tukamkimbiza hospitali.

Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukiongezea kitu kingine kinachoshusha sukari, unaanguka. Na kama si mti, basi kuna aliyetwanga vidonge mle ndani. Mchezo huo upo: Singapore mwaka 2008, dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, zilikutwa na glibenklamidi na watu wanne wakafa.

Nikamrudia muuzaji. Jibu lake: "Si unaona sukari imeshuka? Dawa inafanya kazi."

Na kile kidonge alichoambiwa aache? Sukari ikishuka unaona jasho. Kolesteroli ikipanda huoni chochote mpaka mshipa uzibe.

Asije mtu kuniambia nadharau dawa za mababu. Bibi alitulea kwa mululuza, ule mti wa majani machungu, na mpaka leo umeota nyuma ya jiko. Hata metformini chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis, lakini ukisoma boksi unakuta miligramu 500, leo na kesho. Kampala kuna taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili pale Wandegeya, NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, ipo, sheria ya tiba asili ilipitishwa 2019. Huyu na spika yake anapita wapi?

Chupa imebaki nusu. Nimeifunga kwenye mfuko, Jumatatu naipeleka Kampala mwenyewe. Aliyewahi kupeleka dawa ikapimwe anielekeze nianzie ofisi gani.